Kwa Nini Maji Huenda na Chumvi Ikabaki

Mwenye kukaa Endasak, chini ya Mlima Hanang, hana haja ya safari ndefu kuyaona haya tutakayoyataja. Ziwa Balangida li karibu naye. Kiangazi kikishika, maji hupaa hewani, na ukingoni hubaki ukoko mweupe wa chumvi ambao watu huukusanya. Jua ni lile lile. Mbona limeyachukua maji likaiacha chumvi?

Sababu ni vifungo. Maji ni chembe ndogo mno, ziitwazo molekuli, na mshikano wa molekuli moja na jirani yake ni mwepesi. Chumvi ya kula ni chembe zenye umeme wa namna mbili zinazovutana kwa nguvu nyingi, hata haiyeyuki mpaka joto lifike digrii 801 za sentigredi. Kifungo kikiwa imara, gharama ya kukikata huwa kubwa.

Gharama hiyo hupimika. Kuyeyusha gramu moja ya barafu hutaka kalori 80, kwani vifungo hulegezwa tu. Kuyageuza maji hayo yanapochemka yawe mvuke hutaka kalori 540, kwa kuwa hapo kila molekuli sharti iachane na wenzake. Wala tusidhani kuwa mvuke si maji tena. Kutenganisha haidrojeni na oksijeni zilizomo ndani ya molekuli yenyewe kungetaka nguvu zaidi ya mara 20 kuliko hiyo.

Hapa ndipo jambo linapoingia jikoni. Maharage yakisha kuchemka, wengi huongeza kuni wakitaraji maji yazidi kuwa moto. Hayazidi! Moto wote wa ziada huishia kukata vifungo. Maji yakapungua sufuriani, na kuni zikapungua uani. Tena Endasak iko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, hewa yake ni nyepesi, na maji huchemka kwa kiasi cha digrii 95 au chini kidogo, kwa hiyo maharage hukawia kuiva kuliko Tanga. Dawa ni kuyaroweka tangu usiku, kufunika sufuria, na kuondoa baadhi ya kuni mara yanapochemka.

Na mvuke hurudisha yote uliyopewa. Ukigusa ngozi ukageuka maji, kalori zile 540 kwa kila gramu huingia mwilini, ndiyo maana huunguza kuliko maji yachemkayo. Kijana afunuapo sufuria na ainue kwanza upande ulio mbali na uso wake.