Kazi ya Leta na sisi tunaongoja

Kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi serikali inaitwa Leta. Neno limetoka katika Kifaransa, l'État. Mwalimu wetu mmoja wa isimu alipenda kutukumbusha kwamba katika neno hilo sikio la msemaji wa Kiswahili linasikia pia amri: leta! Darasa zima tulicheka. Mwaka uliofuata nilipata kazi ya Leta, na kicheko kikaniisha.

Nilipomaliza lisansi ya Kiingereza nilipelekwa katika ofisi moja ya serikali hapa jimboni. Barua ya kupangiwa kazi nilikuwa nayo, yenye mhuri na sahihi. Matrikuli sikuwa nayo. Mtu wa namna hiyo anaitwa « nouvelle unité », yaani mfanyakazi mpya ambaye jina lake halijaingia katika listi ya mishahara inayotengenezwa Kinshasa. Nilikuwa mpya kwa miaka mitatu. Katika chumba cha pili alikuwako mwenzangu ambaye ni mpya tangu miaka tisa, na mtoto wake amekwisha kuanza shule. Sisi watu wa lugha tungepaswa kuwa wa kwanza kuuliza: mtu anaacha kuwa mpya lini?

Msidhani kwamba hatukufanya kazi. Kila asubuhi nilisaini daftari la mahudhurio. Niliandika barua za wakubwa, nilitafsiri zile zilizofika kwa Kiingereza, nilipanga majalada ambayo yalikuwa yamelala chini miaka mingi. Mwisho wa mwezi wenzetu wenye matrikuli walikwenda benki, maana tangu 2011 mishahara ya serikali ilianza kupitia huko. Jambo hilo lilikuwa zuri, lakini benki inamlipa yule aliye kwenye listi tu. Sisi tulingoja primu, na primu ilitegemea kama mkubwa alitukumbuka. Nilipouliza, jibu lilikuwa moja: « Vumilia, mutoto yangu. Jina yako itatoka. » Kifungu cha 36 cha Katiba yetu ya 2006 kinasema kwamba kazi ni haki na wajibu mtakatifu, na kwamba mfanyakazi anastahili malipo ya haki yanayomtosha yeye na jamaa yake. Kifungu hicho nilikijua kwa moyo. Tikiti ya basi hakikunilipia.

Sasa niseme lile ambalo linanisumbua kuliko njaa. Siku moja mama mmoja alikuja kutoka Katuba kuchukua hati ambayo bei yake ilibandikwa ukutani. Mwenzangu, asiye na mshahara kama mimi, alimwomba kitu kidogo juu ya bei hiyo, « ya karatasi ». Mama alinitazama, labda kwa sababu nilikuwa kijana na nilikuwa nimempa kiti. Nilitazama majalada yangu. Alitoa. Saa sita tulinunua mkate na soda, na mimi nilikula. Tangu siku ile sisemi tena kwamba rushwa ni ugonjwa wa watu wabaya. Ofisi isiyolipa vijana wake inawatuma, bila kuandika barua, wakajilipe kwa mama wa Katuba. Hapo ndipo Leta inakuwa kweli « leta ».

Najua wazee watanijibu. Baba yangu alikuwa mtu wa Gécamines. Alikuwa kati ya maelfu waliopewa pesa za kuondoka kwa hiari katika miaka ya 2003 na 2004, na pesa zile hazikuchukua muda kwisha. Kwa yeye, kampuni inaweza kuanguka, lakini Leta haifi. Namheshimu, na sikubali kwamba wazee wa ofisini ndio adui zetu. Wengi wamepita umri wa kupumzika, na hawaondoki kwa sababu wanajua kwamba pensheni inaweza kuwakuta kaburini. Kijana hapati nafasi kwa sababu mzee anaogopa kwenda nyumbani. Wote wawili wanaongoja, kwenye benchi moja.

Basi kijana afanye nini? Niliona njia tatu. Wengine wanabaki na kungoja. Wengine wanaacha mguu mmoja ofisini: wanasaini asubuhi, kisha wanakwenda kufundisha katika shule za watu binafsi au kuuza mayunite ya simu barabarani. Tulikuwa tunataniana: « nouvelle unité » anauza mayunite. Wengine wanaondoka: Kolwezi kwenye migodi ambako wakalimani wanahitajiwa, Goma kwenye mashirika ya misaada, au ng'ambo. Mimi niliondoka. Leo nafundisha Kiingereza katika shule ya watu binafsi na nimerudi hapa kwa masomo ya master.

Kosa langu halikuwa kuingia. Nilijiambia nitangoja miezi sita, lakini tarehe sikuiandika popote, na miezi sita ikawa miaka mitatu. Kungoja nako ni kuchagua, ila ni kuchagua huku umefumba macho.

Kwa hiyo, ndugu zangu mnaomaliza mwaka huu, kabla ya kupokea barua ya kazi ulizeni: je, nafasi hii imo katika bajeti? Waliotangulia walipata matrikuli baada ya muda gani? Kisha andikeni tarehe yenu na kumwonyesha mtu anayewapenda, ili awakumbushe ikifika. Hili linawahusu hata wale wanaotaka ualimu. Tangu shule ya msingi ya serikali ilipofanywa ya bure mwaka 2019, mzigo wa kulipa mwalimu ulitoka kwa mzazi ukaenda kwa serikali, na mwalimu asiye kwenye listi alibaki katikati. Na katika vyuo vyetu wako pia wasaidizi ambao wanafundisha bila mshahara. Waheshimiwa walimu, mnawajua. Waelezeni wanafunzi mambo hayo waziwazi.

Kwa wenye mamlaka naomba jambo moja tu: asipelekwe mtu kazini bila fungu la mshahara wake, na listi ya wanaongoja ibandikwe mlangoni pa kila ofisi, kwa mpangilio wa tarehe ya kuingia, ili jina lisiruke jina lingine usiku.

Sikatai kazi ya Leta. Majalada yale niliyoyapanga yana vyeti vya watu, na lazima mtu ayatunze. Siku nitakapoitwa na matrikuli iko tayari, nitarudi. Na mama wa Katuba atalipa bei iliyo ukutani.