Vita vya Dakika Chache

Ni nadra mgeni kushuka Unguja asiambiwe kwamba hapa ndipo palipopiganwa vita vifupi kuliko vyote duniani. Huambiwa kwa kicheko, naye hucheka. Hata sisi wenyeji, tunapoulizana mafumbo barazani, hulitaja jambo hilo kama kioja, kisha tukaagiza kahawa nyingine.

Tarehe 25 Agosti 1896 alifariki Sayyid Hamad bin Thuwaini, na Sayyid Khalid bin Barghash akaingia jumbani bila ya ridhaa ya Waingereza. Asubuhi ya tarehe 27, saa tatu ilipopita kidogo tu, manowari zao zikaanza kupiga mizinga. Majumba yale ya pwani, ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa ya mbao, yaliwaka moto. Kwa muda usiotimia saa moja, watu wapatao 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa pili aliumia baharia mmoja. Ndani ya majumba hayo walikuwamo askari, watumishi na watumwa. Na mtumwa alikuwa na neno gani katika ugomvi wa kiti?

Twawaomba wakuu wanaohusika na elimu na utalii waagize kwamba kila mtembeza wageni ataje kwanza hesabu ya watu, ndipo ataje hesabu ya dakika. Agizo hilo halihitaji fungu la fedha. Papasi hatuwawezi, lakini mwenye kibali cha Serikali huamrishwa.