Umeme wa Doria Usiombwe Dukani

Mtu anayetembea kwa miguu katika Njia ya Kongo-Nili, ile inayoanzia Rubavu na kufuata mwambao wa Ziwa Kivu hata Rusizi, mwendo wa kilomita 227, aghalabu hubeba mgongoni hema na chakula, na siku hizi hubeba pia paneli ndogo ya jua ya kukunja. Akifika mahali pa kupiga kambi huikunjua, akachomeka waya, na baada ya saa kadhaa simu yake imejaa umeme pasipo nguzo wala nyaya. Wapo wanaokitazama kifaa hicho kuwa pambo la watalii wenye fedha. Sisi hatuafiki. Tunaona kwamba mtu wa kwanza kustahili kifaa hicho katika milima yetu ni askari wa doria, wala hapaswi kukinunua kwa mshahara wake. Kitolewe ghalani pamoja na buti na koti la mvua, kiandikwe, na zamu ikiisha kirudishwe.

Tutatoa sababu zetu kwa kutaja mahali pamoja. Sekta ya Kanama, wilayani Rubavu, ni nchi ya milima iliyolimwa hadi kileleni, na chini yake unapita Mto Sebeya ukielekea Ziwa Kivu. Penye soko la Mahoko mto umekaribiana mno na nyumba na maduka. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua kubwa ilinyesha katika majimbo ya Magharibi na Kaskazini. Milima iliporomoka, mito ikafurika, na watu zaidi ya 130 wakapoteza maisha nchini. Sebeya ulitoka kingoni mwake ukaingia majumbani watu wakiwa wamelala. Askari waliokuwa zamu usiku ule hawahitaji kusimuliwa na gazeti jinsi ilivyo kazi ya kumtafuta mtu gizani katika matope.

Lakini yafaa tuulize jambo moja ambalo husahaulika maiti zikishazikwa na barabara zikishafunguliwa. Katika usiku wa namna ile askari hupata wapi umeme? Nguzo huanguka pamoja na ardhi iliyoishikilia. Tena mto huohuo Sebeya ndio unaozungusha mitambo ya umeme ya Gihira na Keya, na mtambo wa maji hauwezi kufanya kazi yake ikiwa mto umejaa mawe, magogo na udongo. Basi aliyetumwa kuwahamisha watu wa mlimani hubaki na kile tu alichokuwa nacho katika betri alipotoka kituoni. Kurunzi yake ikififia hawezi tena kutofautisha njia na korongo. Redio yake ikinyamaza, mkuu wake hajui kama amefika au amefukiwa. Na mwananchi anayepiga simu ya dharura 112 kuomba msaada hatafaidika kitu ikiwa askari aliye jirani naye zaidi hapatikani.

Hayo ni ya usiku wa maafa. Tuseme sasa ya siku za kawaida, ambazo ndizo nyingi.

Askari aliye mbali na kituo ana njia moja ya haraka ya kupata umeme, nayo ni dukani. Karibu kila senta ya biashara ina kibanda cha kuchaji simu, na mwenye kibanda, kwa heshima au kwa hesabu zake mwenyewe, huenda akakataa malipo ya mtu mwenye sare. Jambo hili huonekana dogo. Nasi twasema si dogo hata kidogo. Rubavu ni wilaya ya mpakani, na mpakani hapakosi magendo. Askari aliyechaji simu yake bure kwa muuza duka mwezi mzima atawezaje kesho kufungua magunia ya muuza duka huyo bila uso kumpa haya? Hatusemi kwamba atashindwa. Wapo wengi wasioyumba. Twasema tu kwamba hakuna sababu ya kumweka mtu katika jaribu hilo kwa ajili ya umeme ambao ungetosha kuchomoza kila asubuhi juu ya kofia yake.

Tena iko hatari nyingine iliyo wazi zaidi. Simu iliyoachwa kwenye rafu ya duka kwa saa tatu imo mikononi mwa watu. Ndani yake yamo majina ya wenzake, namba za wakuu, picha, ujumbe wa jana kuhusu njia ya kesho. Askari asiyethubutu kuiacha bunduki yake kwa kinyozi huiacha simu yake kwa mtu asiyemjua jina la baba yake. Tunadhani hili litabadilika siku ile askari atakapokuwa na chanzo chake mwenyewe cha umeme. Kumkaripia pasipo kumpa njia nyingine hakutaleta kitu.

Ni haki sasa kueleza kifaa hiki kinaweza nini na hakiwezi nini, kwa kuwa wauzaji wake husema mengi. Paneli ya kukunja ambayo kibandiko chake kinasema wati 20 hupimwa kiwandani chini ya mwanga mkali na katika baridi ya nyuzi 25. Huku nje, katika jua zuri, itatoa wati 12 au 14. Jua zuri lenyewe tukilipata kwa saa nne, tutavuna kama wati-saa 50, na katika kuzihamisha hadi ndani ya simu theluthi moja hupotea kwa joto. Betri ya simu ya kawaida ya leo huhitaji kama wati-saa 19. Kwa hiyo siku moja ya jua hujaza simu moja na nusu au kupita kidogo. Au redio moja ya mkononi na simu moja. Kwa doria ya watu wanane hiyo ni sahani moja ya ugali. Na siku ya mawingu mazito mavuno huanguka hadi sehemu ya kumi au robo ya hayo.

Hesabu hiyo isimkatishe mtu tamaa, ila imfunze mpango. Kwanza, paneli bila betri ya akiba, ile ambayo vijana huiita pawabanki, ni nusu ya kifaa. Betri ya akiba ya miliampea-saa 20,000 haifiki nusu kilo kwa uzito, nayo ikitoka kituoni imejaa yatosha kujaza simu mbili na nusu hata kama jua halikuonekana kabisa. Paneli kazi yake ni kuirudishia betri hiyo kile kilichotumika. Katika masika ya Machi hadi Mei, na tena mvua za Septemba hadi Desemba, anayetegemea paneli peke yake milimani kwetu atajuta. Pili, mkuu wa doria aamue mapema nani anachajiwa kwanza. Maoni yetu ni kwamba redio ya doria itangulie, kisha kurunzi, kisha simu ya mkuu. Simu za kutazamia mpira zisubiri kurudi kambini. Najua wako watakaoguna. Na wagune.

Katika matumizi tumeona makosa ambayo hurudiwarudiwa. Watembeaji wengi huitundika paneli nyuma ya mfuko wa mgongoni wakidhani itachaji njiani. Paneli iliyosimama wima, inayogeukageuka na kufunikwa na kivuli cha kichwa na cha miti, hutoa umeme kidogo sana, kwa maana vipande vyake vimeungwa mfululizo kama watu waliobeba gogo moja: kivuli kikidondoka juu ya kimoja, vyote hulegea. Heri kutembea imekunjwa, na kuitandaza vizuri saa ya mapumziko. Vijitabu vyake, kwa vile huandikwa kwa ajili ya Ulaya, humwambia mtu aisimamishe mwinamo mkubwa kuelekea kusini. Kanama haifiki nyuzi mbili kusini ya ikweta. Kwetu jua la adhuhuri hupita karibu na utosi, likiegemea kaskazini mwezi Juni na kusini mwezi Desemba, basi paneli ilazwe karibu bapa, na mwinamo uwe wa kutiririsha maji ya mvua tu. Na kwa kuwa milimani mawingu hupenda kukusanyika alasiri, asubuhi ndiyo ya kuvunia. Asiyeitandaza ifikapo saa tatu amekwisha kupoteza nusu ya siku.

Simu yenyewe isilazwe juu ya paneli juani. Betri za lithiamu hazipendi joto. Zikichajiwa zikiwa zimepita nyuzi 45 huharibika haraka, na iliyovimba ni ya kutupwa kwa utaratibu, kamwe isirudishwe mfukoni. Waya uwe mfupi, betri ya akiba ikae kivulini chini ya paneli au chini ya jiwe, na simu ichajiwe jioni kutoka katika akiba hiyo. Huo ndio utaratibu wote, na kuruta aweza kujifunza kwa nusu saa.

Iko hoja moja ya kijeshi dhidi yetu, nayo ni nzito. Jua linataka uwanda, na askari anataka maficho. Karatasi nyeusi inayometameta juu ya kilima huonekana kutoka mlima wa pili. Tunakubali. Doria ya siri haitandazi kitu, hutumia akiba yake na kurudi. Na hata doria ya kawaida isitandaze paneli ukingoni mwa kilele. Lakini sehemu kubwa ya kazi ya askari wetu wa polisi, na hata ya jeshi wakati wa amani, haina haja ya maficho: lindo la daraja, ulinzi wa msitu, kambi ya kuwapokea waliohamishwa, siku tatu za kutafuta miili kando ya mto. Huko paneli yaweza kulala uani mchana kutwa.

Wanaodhani kwamba tunapendekeza anasa na wakumbuke uzito ambao askari wa zamani waliubeba kwa ajili ya jambo hilihili. Katika vita vya Burma, mwaka 1944, vikosi vya Uingereza vilivyoitwa Chindit viliwabebesha nyumbu redio, betri za asidi na mashine ya petroli ya kuzichaji, na mashine hiyo ilipiga kelele porini. Askari wa Afrika Mashariki wa Divisheni ya 11 waliopita Bonde la Kabaw mwaka huohuo walijua adha ya matope na mizigo ya namna hiyo. Seli ya jua inayofaa kwa kazi ilizaliwa baadaye, katika maabara za Bell nchini Marekani, mwaka 1954, na miaka minne baadaye ikapandishwa angani katika satelaiti Vanguard 1. Ilipofika mwaka 2010 kompania moja ya wanamaji wa Marekani ilikwenda Sangin, Afghanistan, na paneli za kukunja migongoni, ili kupunguza betri za kubebwa na misafara ya kuzileta. Nyumbu amegeuka kuwa kitu cha chini ya kilo moja, nacho hakipigi kelele.

Twaambiwa pia kwamba umeme sasa umeenea. Ni kweli, na ni jambo la kujivunia: kufikia 2024 zaidi ya robo tatu ya kaya za Rwanda zilikuwa na umeme, na nyingi miongoni mwao huupata kwa jua. Lakini doria hailali katika kaya. Hukaa baina ya kaya, mahali ambapo nguzo haina sababu ya kufika.

Pendekezo letu kwa wakuu wa vikosi ni la kiasi. Kabla ya mvua za Machi, doria moja ya Kanama ipewe paneli moja, betri moja ya akiba na kitabu cha kumbukumbu. Kwa mwezi mmoja iandike kila siku saa iliyotandaza, hali ya anga, vitu vilivyochajiwa, na siku ambazo haikutosha. Kitabu hicho kitawafaa wanunuzi kuliko karatasi zote za wauzaji, na kitaonyesha pia kama wati 20 zatosha au zahitajika 40.

Na kitabu hicho kiwe na ukurasa wa wananchi. Mlima Nyiragongo ulipolipuka tarehe 22 Mei 2021, maelfu ya watu walivuka mpaka kutoka Goma wakaingia Rubavu, na kwa siku kadhaa ardhi ilitetemeka hata wenyeji wakaogopa kulala chini ya kuta zao. Katika umati wa namna hiyo mtu hutaka maji, kisha hutaka kujua mama yake yuko wapi. Askari mwenye betri ya akiba aweza kumpa kila mmoja dakika kumi, zatosha kupiga simu moja. Tungependa kuona imeandikwa katika amri za vikosi kwamba siku ya maafa, redio ya doria ikishajaa, waya unaofuata ni wa raia, bure, kwa foleni, wazee na wenye watoto wakitangulia.