Udumavu Dodoma: tusiisingizie mvua peke yake

Ndugu zangu, ukitaja Dodoma na njaa, wengi wetu wa mjini jibu tunalo mfukoni: ukame. Ni kweli mvua ya huko ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na mwaka ukiwa mbaya hata mtama unakauka shambani. Lakini je, ndicho kinachowadumaza watoto?

Tuangalie takwimu. Mwaka 2010 utafiti wa kitaifa wa afya ulikuta asilimia 56 ya watoto wa Dodoma walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao. Hakuna mkoa uliokuwa na hali mbaya kuliko huo. Utafiti wa 2015-16 ukakuta Dodoma imeshuka chini ya 40. Halafu ule wa 2022 ukaleta kioja: kinara ni Iringa, karibu asilimia 57! Iringa hiyo hiyo inayolisha mikoa mingine mahindi. Mvua ipo, ghala lina kitu, mtoto kadumaa. Ukame unaingiaje hapo?

Twende Ugogoni taratibu. Januari hadi Machi ndiyo miezi ya kulima na kupalilia, na ndiyo hiyo hiyo ghala linapokaribia kuisha. Mama anaondoka alfajiri na jembe. Mtoto wa miezi tisa anabaki na dada yake wa miaka saba. Uji ulioachwa asubuhi, mwepesi, wa unga mtupu, ndio huo huo wa mchana. Tumbo la mtoto ni dogo, linataka kidogo kidogo mara nyingi. Nani ampikie?

Ng'ombe wapo, tena Wagogo ni wafugaji hasa. Lakini katika nyumba nyingi zizi ni la baba, na uamuzi wa kuuza ni wa baba. Karanga anazipalilia mama, fedha anazihesabu mwingine. Halafu tunaandaa semina kumfundisha mama makundi ya vyakula, kana kwamba tatizo ni ujinga wake!

Hata historia inatuumbua. Njaa ya Mtunya iliyowaangamiza Wagogo mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza haikuletwa na mawingu peke yake. Kabla yake majeshi ya Wajerumani na Waingereza yalishabeba nafaka, ng'ombe na vijana wa kupagaza. Mvua ilipokosekana, ilikuta watu wameshakombwa.

Kwamba inawezekana, tunajua. Mwaka 1983 ulianza mradi wa lishe Iringa, ukisaidiwa na UNICEF na WHO. Watoto walipimwa uzito kijijini kwao, wazazi na viongozi wakakaa kuulizana kwa nini huyu kapungua, na utapiamlo mkali ukashuka sana. Mradi uliisha, na 2022 mkoa huo huo ukawa wa mwisho darasani.

Kwa hiyo, waheshimiwa madiwani, mkipanga bajeti ya lishe msiimalize kwenye posho za semina. Wekeni kituo cha kulea na kulisha watoto mchana msimu wa kilimo. Sogezeni maji na mashine ya kusaga. Na akina baba waitwe kliniki, wasikie uzito wa mtoto wao ukitajwa.

Mvua hatuiamuru. Kazi za mama tunaweza kuzigawana.