Kikwembe chetu, masini ya nani?

Tuanze na methali ambayo wote tunaijua: nguo ya kuazima haisitiri matako. Wazee walioitunga hawakuwa wakifanya mchezo. Sisi wa Kamina tunaiona maana yake kila mwaka, wakati tarehe 8 Machi inapokaribia, au jubilei ya parokia, au kilio cha mtu mukubwa. Bamama wanakusanya makuta, wanachagua rangi, wanampa mchuuzi picha iliyochorwa kwenye karatasi, na karatasi ile inasafiri mbali. Kisha wanangojea. Kikwembe kinaporudi, kinarudi na sura ya wengine.

Miaka michache iliyopita, kikundi kimoja cha bamama tunaowafahamu waliagiza kikwembe chenye picha ya lukasa, ule ubao wa shanga ambao watu wa Mbudye walitumia kukumbuka historia ya wafalme wa Baluba. Kilipofika, lukasa ilikuwa kichwa chini, tena imekatwa katikati, na neno la Kiluba lililoandikwa pembeni lilikuwa limekosewa. Mzee mmoja alikiangalia muda mrefu, akasema: « Bana yangu, banageuza historia yetu kichwa chini. » Bamama walikivaa hata hivyo. Walikuwa wamekwisha kulipa.

Njo maana tunaandika kurasa hizi. Tunasema jambo moja wazi: hapa Kamina tunaweza kujichapia vikwembe vyetu wenyewe, kwa masini ndogo inayoingia katika chumba kimoja cha nyumba ya kawaida, bila fabrika na bila kungojea umeme. Tunajua wapo wanaotupinga, hata ndani ya chama chetu. Tuwajibu mmoja mmoja.

1. Wanaosema: « Kikwembe haiko mila yetu »

Wazee wetu wengine wanasema mila ya nguo kwetu ni rafia, ile madiba iliyofumwa kwa mkono, iliyotolewa kama ushuru kwa wakubwa na kutumika kama mali. Wanasema kikwembe kililetwa na wageni, basi chama cha mila kisihangaike nacho.

Kuhusu asili, wana haki. Mtindo wa wax ulitoka Java, Waholanzi wakauiga kwa masini, wakauleta Afrika ya Magharibi mwishoni mwa karne ya 19, na kutoka huko ukaenea. Nyumba ya Vlisco ilianza Helmond, Uholanzi, mwaka 1846. Lakini tuwaulize wazee hawa: mahari ya binti zenu mnaipokea na nini? Mnamzika mama yenu akiwa amefunikwa na nini? Na wakati wa Mobutu, baada ya 1971, wakati « authenticité » ilipokataza wanawake kuvaa suruali, walivaa nini kuonyesha kwamba ni wenyeji wa Zaire? Kikwembe! Kitu kinachofunga ndoa na kufunika maiti kimekwisha kuingia katika mila, kiwe kilipitia mlango gani.

Tena, Kamina ndiyo mji wa mwisho kusema maneno kama hayo. Ni hapa, mwaka 1958, ambapo Missa Luba iliimbwa mara ya kwanza, na vijana wa kwaya iliyoongozwa na padri Guido Haazen. Maneno yalikuwa ya Kilatini, misa yenyewe ilikuwa ya Roma, lakini sauti na ngoma zilikuwa za kwetu. Dunia nzima ikasikiliza. Hakuna aliyesema tuiache kwa kuwa haikuzaliwa chini ya mti wetu. Waimbaji wale walichukua kitu cha wageni wakakishika kwa mikono yao. Juu ya nini tushindwe kufanya vilevile kwa nguo?

2. Wanaosema: « Tungojee fabrika »

Hawa ni wengi, na wamesoma. Wanasema uchapaji wa nguo ni kazi ya mtaji mkubwa. Serikali ilete mwekezaji, SNCC ifufuke, umeme urudi, kisha tutaona.

Tuwakumbushe historia. Kuanzia 1917 mkoloni aliwalazimisha baba zetu kulima pamba. Kampuni ya Cotonco ilianzishwa mwaka 1920 kwa kuinunua. Reli ilipita hapa Kamina kwenda Ilebo mwaka 1928, na ile ya kwenda Kabalo ilimalizika mwaka 1956. Kwa hiyo jembe lilikuwa letu na jasho lilikuwa letu. Lakini fabrika? Utexléo ilijengwa Kinshasa, Filtisaf ikajengwa Kalemie, ambayo zamani iliitwa Albertville, na miaka ya 1970 Sotexki ikaanzishwa Kisangani. Kwetu treni zilipita tu.

Na hizo fabrika kubwa, mwisho wake ni nini? Filtisaf imekufa zamani. Utexléo iliyogeuka Utexafrica iliunganishwa na Wachina wa Hong Kong, na mwaka 2007 uchapaji ukafungwa. Pale palipokuwa na masini, leo panakodishwa nyumba na ofisi. Uporaji wa 1991 na 1993, vita, nguo za bei ndogo kutoka China, vyote vilipiga mahali pamoja. Masini iliyojaza hangari nzima ilihitaji umeme wa daima, vipuri kutoka Ulaya, mafundi mia, na soko la nchi nzima. Kimoja kilipokosekana, vyote vilisimama.

Basi anayetuambia tungojee fabrika anatuambia tungojee kitu ambacho hata Kinshasa kimeshindwa kuishi. Tangu 2015 Kamina ni mji mkuu wa jimbo la Haut-Lomami. Ukubwa wa jina haujawasha taa katika nyumba zetu. Na hata fabrika ingekuwapo, isingekubali kazi yetu: masini kubwa inataka oda ya maelfu ya yadi. Familia yenye kilio inataka vikwembe arobaini. Nani atawasha hangari kwa ajili ya vikwembe arobaini?

3. Kitu kinachotuzuia ni nafasi, na nafasi inaweza kukunjwa

Hapa tushuke kwenye kazi yenyewe, kwa sababu maneno matupu hayachapi nguo.

Vijana wa mjini wanaojua serigrafi wanachapa vizuri mashati na mabango. Wana fremu ya mbao yenye nailoni nyembamba, wana rangi, wana mpira wa kukamulia. Ukiwauliza kwa nini hawachapi vikwembe, wanajibu: « Paka nafasi njo inakosa. » Na kweli. Kikwembe kimoja ni yadi 2, yaani karibu meta 1.83. Kipande kizima ni yadi 12, karibu meta 11, na upana ni karibu meta 1.20. Desturi ya uchapaji wa mkono ni kutandika kitambaa chote juu ya meza ndefu, kisha fundi atembee na fremu kutoka mwanzo hadi mwisho. Meza ya meta 11! Nani kati yetu ana chumba hicho? Ukiiweka nje katika lupango, vumbi la kiangazi linashika rangi mbichi, na mvua ya Novemba inamaliza yaliyobaki.

Dawa ni kugeuza kazi: fremu ibaki mahali pamoja, kitambaa ndicho kitembee. Meza inatosha kuwa na urefu wa meta 1. Kitambaa cheupe kinakaa kimeviringwa kwenye rulo ya mbao mbele ya meza. Kinapita juu ya meza, kinachapwa yadi moja, kinasogezwa yadi moja, kinachapwa tena. Mara 12, kipande kimekwisha.

Tulijaribu. Mara ya kwanza tuliweka rulo ya pili nyuma ya meza na kuviringa kilichochapwa. Tulikuwa wajinga: rangi mbichi ilijipiga mgongoni mwa kitambaa, na kipande kizima kikaharibika. Mara ya pili tulivuta kwa mkono, kwa macho tu, tukikosea milimeta 5 kila hatua. Mtu atasema milimeta 5 si kitu. Zizidishe mara 12: sentimeta 6! Ua la mwisho lilikuwa limeacha njia kama mlevi.

Makosa hayo mawili yalitufundisha masini yenyewe. Kwanza, kukausha. Nyuma ya meza kitambaa kisiviringwe, kipande juu. Karibu na dari tunaweka fito za mbao zinazoteleza kama fito za pazia, na kitambaa kinaning'inia kati yao kwa mikunjo, kila mkunjo ukishuka meta 2 na kupanda meta 2. Mikunjo mitatu inabeba meta 12, yaani kipande kizima. Fito inagusa mgongo wa kitambaa tu. Chini hakuna fito, kwa sababu pale uso wenye rangi ndio ungeegemea. Na kati ya fito na fito tunaacha sentimeta 30, ili nyuso mbili mbichi zinazotazamana zisibusiane. Basi meta 11 za kitambaa zinakauka katika nafasi isiyofika meta moja.

Pili, kipimo. Pande mbili za meza kuna mikanda yenye sindano ndogo zinazoshika kingo za kitambaa, na mikanda yote miwili inaendeshwa na mhimili mmoja, ili upande mmoja usitangulie mwingine. Mhimili unazungushwa kwa mkono, kwa mnyororo na magurudumu ya meno ya kinga ya zamani. Mnyororo hauongopi: meno yaleyale, hatua ileile. Kizuizi cha chuma kinasimamisha mkono penye yadi moja kamili. Rangi ikikauka, tunaishikisha kwa pasi ya makaa yenye moto mkali. Vyote pamoja, na mahali pa mafundi wawili kusimama, vinaingia katika chumba cha meta 3 kwa 4.

Hatukugundua dunia mpya. Thomas Bell wa Scotland alipata hataza ya kuchapa nguo kwa rulo za shaba mwaka 1783, na mwaka 1963 Waholanzi wa Stork walileta fremu zinazozunguka kama pipa. Wote walifuata wazo hilohilo, kitambaa kitembee. Tofauti ni kwamba wao walitafuta mbio, sisi tunatafuta nafasi.

4. Wanaosema: « Masini itaua kazi ya mkono »

Neno hili tunaliheshimu, maana linatoka kwenye huruma. Lakini tuulize: kazi ya mkono ipi? Leo kikwembe tunachovaa kimechapwa na masini ya mbali, kwa mkono wa mtu tusiyemjua. Masini yetu itaongeza mikono: wa seremala, wa fundi wa kinga, wa mchoraji, wa mama anayepiga pasi. Na itawapa wazee kazi ambayo hakuna fabrika itakayowapa kamwe: kusema lukasa ikae namna gani, mchoro upi ni wa wote na upi haufai kukaliwa.

Tusidanganyane, mipaka iko. Masini hii haichapi wax ya kweli, ile inayopigwa nta pande zote mbili kabla ya rangi. Haitashindana na China kwa bei ya kikwembe cha kila siku. Rangi moja itatoka vizuri, mbili kwa uvumilivu, tano hapana. Na kitambaa cheupe bado tutakinunua, sisi wajukuu wa walima pamba! Hilo ni aibu ya kutosha kuandikiwa kurasa zake. Lakini mtu haachi kupika kwa sababu hakutengeneza sufuria.

Tunachoomba

Tunaomba mambo matatu, na tunayaomba kwa chama chetu kwanza, kabla ya kuomba kwa gavana au kwa Wazungu. Chama kitoe chumba kimoja, hata kile kinachojaa viti vilivyovunjika. Michoro na vipimo vya masini vibandikwe ukutani, ili seremala yeyote wa Kabongo, Bukama au Malemba-Nkulu aje kuvinakili bila kulipa. Masini isiwe mali ya mkubwa mmoja na shemeji zake. Na kwa sherehe yetu inayokuja, oda yoyote isiyopita vikwembe hamsini isivuke mipaka ya mji huu.

Kitatoka na kasoro. Ua litapinda kidogo, rangi itakuwa nzito hapa na nyepesi pale. Hatuogopi. Mzee wetu aliyeona lukasa kichwa chini bado yuko hai, na macho yake bado ni mazuri. Safari hii tukikosea, atatuambia kabla ya kuchapa yadi ya pili.