Jina la bibi lisiachwe

Kwetu Tanga, binti wa kwanza huchukua jina la bibi mzaa baba, wa pili la bibi mzaa mama, na siku ya akika ukoo mzima unajua nani kazaliwa. Leo Mwanahamisi, Mwanaidi na Mwanakombo yanaachwa, eti ya kizamani! Inaniuma, maana haya ni majina ya mama zetu.

Jina lina uzito wake. Mwimbaji wa taarab Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, akaitwa Mtumwa. Mjini Unguja wakamwita Siti, jina la heshima, na ndilo aliloenda nalo Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri.

Lakini wazazi, mkishachagua, shikeni tahajia moja toka kliniki. Binti yangu ni Zuhura kwenye cheti cha kuzaliwa, ila shuleni aliyejaza fomu za darasa la saba aliandika Zuhra. Kwa herufi hiyo moja tumezungushwa mpaka kwa wakili kula kiapo, ndipo akapata kitambulisho. Fomu yoyote ya mtoto, isomeni kabla ya kusaini.