Mama, Mwache Akimbie (Sehemu ya 5)

Mama zangu, dada zangu, na nyie baba vijana mnaosoma kimyakimya bila kukomenti. Leo siongelei uji wala chanjo. Leo naongelea mbio, na sababu ninayo.

Wiki hii mama mmoja wa hapa Lisekese kaniletea binti yake wa darasa la sita. Haumwi. Mwalimu kamchagua kwenye timu ya shule ya UMITASHUMTA, mita 1500. Mama alitaka nimwandikie karatasi kwamba mtoto hafai kukimbia. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Nesi, huyu ameshachezwa. Ni mtu mzima sasa. Akikimbia hivyo si ataharibu kizazi?" (Kaniruhusu niandike, ila jina abaki nalo mwenyewe.)

Sikuandika. Jamani, kukimbia hakuharibu kizazi. Hata akiwa kwenye siku zake, kama hana maumivu makali, anakimbia tu. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate angalau dakika 60 kila siku za kuuchangamsha mwili. Halijasema wavulana peke yao.

Basi nikamsimulia habari za Filbert Bayi. Wengi wenu wadogo hamumjui, eeh?

Bayi ni mtoto wa Karatu, kijana wa jeshi letu. Februari 1974, Christchurch, New Zealand, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, alitoka mbele tangu bastola ilipolia na hakuna aliyempata. Mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia! Alikuwa na miaka 20. Mwaka uliofuata, kule Kingston, Jamaika, akavunja na rekodi ya maili moja.

Ikaja 1976, Olimpiki ya Montreal. Dunia nzima ilisubiri akutane tena na John Walker wa New Zealand. Hawakukutana. Tanzania na nchi nyingi za Afrika zilisusia, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza kwa makaburu wa Afrika Kusini. Na muda mfupi kabla ya hapo Bayi alikuwa anaumwa malaria. Mnaona? Mwanaume mwenye rekodi ya dunia analazwa chini na mbu. Kwa hiyo mwanao hata awe na mbio namna gani, chandarua ni kila usiku, na homa ikianza mlete apimwe siku hiyohiyo. Usianze na vidonge vya dukani.

Mwaka 1980, Moscow, akaleta medali ya fedha ya mita 3000 kuruka viunzi na maji. Suleiman Nyambui akaleta fedha ya mita 5000. Hadi leo Tanzania hatuna medali nyingine za Olimpiki zaidi ya hizo mbili.

Lakini kinachonigusa zaidi ni alichofanya baadaye. Angeweza kukaa kibarazani akisimulia ujana wake mpaka anazeeka. Badala yake alikuwa Katibu Mkuu wa Kamati ya Olimpiki Tanzania kwa miaka mingi, na akaanzisha shule, Kimara na kisha Kibaha, watoto wa watu wasome na wacheze. Mbio zake zilikuwa dakika tatu na nusu. Utumishi wake ni miaka na miaka.

Sasa maoni yangu, mnaweza kunipinga. Tunalalamika medali hazipo, wakati sisi wenyewe mama ndio tunawatoa watoto uwanjani. Mvulana akirudi na vumbi ni mwanaume. Binti akirudi na vumbi tunamuuliza alikuwa na nani. Na mimi nilichezwa hukuhuku kwetu, najua tunavyofundwa: heshima, usafi, kujitunza. Sikumbuki kungwi aliyeniambia mtu mzima hakimbii. Hofu yenu naielewa, mimba za utotoni ninaziona kila mwezi kliniki. Ila binti mwenye mazoezi jioni, mwenye mwalimu anayemjua na mashindano anayoyasubiri, ana kitu cha kupigania. Usimnyang'anye. Nenda kamjue huyo mwalimu, uliza safari ina walimu wa kike wangapi na watoto watalala wapi. Huo ndio ulinzi.

Na wewe uliyewahi kukimbia shuleni, jioni moja kwa wiki nenda uwanjani ukawasaidie watoto. Bayi hakuacha kazi hiyo kwa watu wengine.

Yule mama kaniambia atamuuliza kwanza mjomba wa mtoto. Sawa, kwetu mjomba ndiye mwenye neno. Wajomba, basi na nyie mmesikia. Timu inaondoka karibuni na mtoto anasubiri.

Sehemu ya 6 ni chakula cha mtoto anayecheza: mihogo, kunde, korosho, vyote vipo nyumbani. Haya, niambieni, binti yako anacheza mchezo gani?